Tuujue Mto Tana Kabla Haujatuhama

Wazee wetu walituusia tusimtukane mamba kabla hatujavuka mto. Sisi wa mijini, watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, twaichukua methali hiyo kuwa ni fundisho la adabu na twaishia hapo. Lakini mkaazi wa ukingoni mwa Mto Tana huisikia kwa sikio jingine. Kwake yeye mamba yupo kweli, kivuko kipo kweli, na la ajabu zaidi ni kwamba mto wenyewe haukai mahali pamoja. Kivuko alichokijua babu yake huenda leo kikawa ni shamba la migomba, na shamba alilolima babu yake huenda leo likawa katikati ya maji.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mashairi, harusi, ngoma na majengo ya kale. Leo twaomba ruhusa ya msomaji tuuzungumzie mto. Atakayeuliza mto wahusu nini na utamaduni, twamjibu kwamba sauti ya wimbo wetu wa taifa imetoka kwa watu wa mto huu. Mpunga wake ulipakiwa majahazini kupelekwa Lamu. Na karibu na mdomo wake ndipo yalipo magofu ya miji ambayo sisi Waswahili twajinasibisha nayo. Tena twataka kusema neno ambalo twaona limechelewa kusemwa: nchi nzima yaunywa mto huu na yawasha taa kwa nguvu zake, lakini haiujui. Na asiyeujua mto, mto humjulisha siku ya mafuriko.

SAFARI YAKE

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000. Vyanzo vyake viko katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Huko juu ni mto kijana: washuka mbio, wapiga mawe, waruka maporomoko na kuchimba magenge. Na ni hukohuko ndiko yalikojengwa mabwawa makubwa ya stima, moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yanywewayo na watu wa Nairobi nayo, sehemu yake kubwa hutoka katika vijito vinavyoulisha mto huu, hasa kwa njia ya bwawa la Ndakaini.

Ukishaziacha nchi za milima, mto wazunguka nyika ya Kora kisha washika njia ya kusini. Ufikapo Garissa huwa umekwisha kuwa mtu mzima. Mji wa Garissa uko yapata mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mbele yake mto una mamia ya kilomita za kwenda. Kwa hivyo mteremko uliobaki ni mdogo mno, na mto hauna tena sababu ya kukimbia. Wapita Bura, Hola, Wenje na Garsen, wafika katika delta ambamo maji hutawanyika kwenye vijito, mabwawa, nyasi na mikoko, mpaka kuingia katika Ghuba ya Ungwana hapo Kipini.

Kuna jambo moja ambalo mgeni huwa hafahamu. Mito mingi duniani hunenepa kadiri inavyoikaribia bahari, maana kila mahali hupokea mito mingine. Tana haufanyi hivyo. Kuanzia Garissa kwenda chini hakuna hata mto mmoja wa kudumu unaoingia humo. Ziko laga tu, ambazo hujaa siku chache za mvua kisha zikabaki mchanga mtupu. Nchi pande zote mbili ni kavu, jua ni kali, na mto kila uendapo hutoa na haupokei. Wanyesha mashamba, walisha misitu, wajaza maziwa, wapenya ardhini. Ufikapo pwani huwa umekwisha kugawa sehemu ya ulichokuwa nacho. Tajiri wa namna hii ni nadra hata miongoni mwa binadamu.

KWA NINI WAENDA KOMBO

Aliyepata kupanda ndege ndogo kutoka Malindi kwenda Garissa ameuona mto ule kwa chini: mstari wa kijani uliopindapinda kama kamba iliyotupwa na mtu asiye na haja nayo. Huenda kushoto, ukarudi kulia, ukajizunguka nusura ujifunge fundo. Mtu aendaye kwa mtumbwi kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili huweza kulitazama jua likimpiga usoni, kisha mgongoni, kisha usoni tena, naye bado yuko katika safari ileile.

Si kwamba mto umepotea njia. Kuna sababu, na sababu yenyewe yaweza kuonekana katika kikombe cha chai. Chukua kikombe cha chai ambayo majani yake hayakuchujwa, koroga kwa kijiko kisha uache. Mtu angedhani kwamba majani yatatupwa ukutani mwa kikombe. La, hukusanyika katikati, chini. Mwanachuoni Albert Einstein aliliandika jambo hili mwaka 1926 akalinganisha na mito. Maji ya juu, ambayo yana mbio, husukumwa nje kuelekea ukutani. Maji ya chini huzuiwa mbio na sakafu ya kikombe, kwa hivyo hurudi ndani yakichukua majani. Ndivyo ilivyo katika kila kizingo cha mto. Maji yenye mbio hupiga ukingo wa nje na kuula. Maji mazito ya chini hubeba mchanga na tope kuutia upande wa ndani.

Basi msomaji afikiri. Ukingo wa nje waliwa, ukingo wa ndani waongezwa. Kizingo kilichokuwa kidogo huwa kikubwa, na kikubwa huzidi kujikunja mwaka hata mwaka. Mwenye shamba upande wa nje hupoteza hatua mbili tatu kila mafuriko, na jirani yake wa ng'ambo hupata ardhi mpya yenye rutuba ambayo hakuinunua wala hakuirithi. Halafu siku moja, mto ukiwa umefura, maji huona kwamba hakuna haja ya kuzunguka kizingo chote, hukata shingo ya nchi kavu iliyo katikati na kupita moja kwa moja. Kile kizingo cha zamani huachwa, midomo yake huzibwa na tope, hubaki ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo.

Maziwa ya namna hiyo yako tele sehemu za Garsen. Yako Bilisa na Shakababo, na mengine mengi ambayo wenyeji huyataja kwa majina. Ndani yake mna samaki, na kandoni mwake mna malisho. Lakini uhai wa ziwa hilo wategemea mto kulikumbuka: mafuriko yakija hulijaza upya na kulitia mbegu za samaki, yasipokuja miaka kadha, ziwa huwa dimbwi, dimbwi likawa tope, na tope likapasuka kwa jua.

MTO ULIOHAMA

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya darasani. Basi na watazame Hola. Mradi wa kunyunyizia mashamba wa Hola ulianzishwa katika miaka ya 1950, na mwanzo wake ni wa huzuni: walioufanyia kazi walikuwa wafungwa wa wakati wa vita vya Mau Mau, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari mpaka wakafa. Baada ya Uhuru mradi uliendelea, wakulima wakalima pamba na mahindi kwa maji yaliyovutwa kwa mashine kutoka mtoni. Mwaka 1989 mto ulibadili njia. Haukugombana na mtu wala haukuomba ruhusa. Ulihama tu, na mashine za kuvuta maji zikabaki zimetazama mchanga. Mradi ukafa, na mashamba yakawa vichaka kwa miaka mingi kabla ya juhudi za kuufufua. Mahandisi waliofanya hesabu za mashine walifanya vizuri, lakini hawakuuliza mto una tabia gani.

Na si mara ya kwanza. Mdomo tunaouona leo pale Kipini si mdomo wa asili wa Tana. Zamani Tana uliingia baharini upande wa kusini magharibi ya hapo, na Kipini ulikuwa mdomo wa mto mwingine mdogo, Mto Ozi. Mlango wa Tana ulikuwa mbaya kwa vyombo, una mafungu ya mchanga na mawimbi yenye kupasuka, hata nahodha mzoefu aliuogopa. Ndipo katika karne ya 19, zama za wenye Witu, ulipochimbwa mfereji wa Belezoni wa kuunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya bidhaa ipite ndani kwa ndani mpaka Kau, na kutoka Kau bidhaa zishuke Kipini na kupakiwa kwenda Lamu.

Mfereji ulichimbwa kwa ajili ya mitumbwi. Mto ukauona, ukaupenda, ukaufanya njia yake. Mafuriko baada ya mafuriko yaliupanua mpaka maji mengi ya Tana yakaliacha jia la zamani na kushika la Ozi. Waliochimba walitaka mlango wa nyuma. Mto ukaugeuza kuwa mlango mkubwa wa nyumba.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu ni sehemu ya tarehe yetu. Witu ilianzishwa na Ahmad bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, alipokimbia nguvu za Sultani wa Unguja akaingia bara penye misitu. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ambao walikuwa wameuchunguza Mto Tana tangu 1878, ndio waliotia fitina ya kuifanya Witu himaya ya Ujerumani mwaka 1885. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza, na mwaka huohuo majeshi ya Kiingereza yakauchoma mji. Hawa wote waliitaka Witu kwa sababu mbalimbali, lakini mojawapo ilikuwa tamaa ya mto: walidhani Tana ungekuwa barabara ya meli mpaka bara. Mto wenye vizingo na mafungu kama hivyo haukukubali kuwa barabara ya mtu.

Na kabla ya Witu ilikuwapo miji mingine. Karibu na Kipini yako magofu ya Ungwana, Mwana na Shaka. Ungwana, yenye msikiti wake mkubwa, ilichimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Ndiyo nchi ya Fumo Liongo, na wenyeji wa Kipini huonyesha kaburi ambalo wasema ni lake. Sisi twamsifu Liongo kwa upinde na kwa tungo zake, lakini ni wachache wenye kukumbuka kwamba shujaa huyo alikuwa mtu wa delta, aliyeijua mikoko na vijito kama tunavyojua vichochoro vya mitaa yetu.

WATU WA MTO

Aishiye na mto wa namna hii hana budi kujifunza hekima ya kuhama nao. Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, tangu zamani walipanda kwa kufuata mafuriko. Mvua za masika zikinyesha milimani, na tena zile za vuli, mto hufura na kumwaga maji na tope bondeni. Maji yakijitoa huacha ardhi nyeusi iliyolowa, na humo hupandwa mpunga, mahindi na migomba bila ya mtu kungoja mvua juu ya kichwa chake. Shamba halikuwa kipande kimoja chenye mipaka minne. Lilikuwa ni utepe uanziao kwenye maji na kuendelea mpaka penye nchi kavu, ili kila jamaa wapate sehemu ya chini kwa mwaka wa kiangazi, na sehemu ya juu kwa mwaka wa mafuriko.

Waorma nao, ambao ni wafugaji, huyapeleka mifugo mbali nyikani wakati wa mvua na kuyarudisha mtoni na kwenye nyasi za delta wakati wa ukame. Njia za kuufikia mto huziita malka. Malka si uchochoro wa kupita tu. Ni ahadi baina ya mwenye ng'ombe na mwenye shamba, kwamba huyu ataacha njia wazi na yule atamchunga mnyama wake asile mimea ya mwenzake. Hata jina galana, ambalo twalitumia kwa sehemu ya juu ya Mto Sabaki, ni neno la Waorma lenye maana ya mto.

Ahadi hiyo inapovunjika twajua yanayotokea. Kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Ilisemwa kwamba ni ugomvi wa Wapokomo na Waorma tangu na tangu. Sisi hatukubali kwamba ni rahisi hivyo. Waislamu wako pande zote mbili, na watu hao wameoana, wamekopeshana na kununuliana maziwa na mchele kwa vizazi. Ukweli ni kwamba malka zilizibwa, ardhi ikapimwa na kugawanywa kwa miradi mikubwa bila ya wenyewe kuulizwa sawasawa, mafuriko yakawa hayaji kwa wakati wake, na siasa za uchaguzi zikatia moto juu ya majani makavu. Mto ulipopunguzwa, watu walisukumwa pamoja kandoni mwake, na mahali pembamba hapakosi mkanyagano.

Iko na ile fitina ya mipaka. Ulipogawanywa utawala baina ya Pwani na Kaskazini Mashariki, mpaka ulihesabiwa maili 3 kutoka ukingo wa mashariki wa mto. Waliouandika walikuwa wameketi mezani, wakaona katika ramani mstari wa buluu uliotulia. Lakini mto ukihama, maili 3 zahesabiwa kutoka wapi? Kutoka ukingo wa jana au wa leo? Mpaka hata sasa watu wa Garissa na wa Tana River huulizana swali hilo.

Na sasa tuje kwa lile tulilolitaja mwanzo. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa yajitayarisha kwa Uhuru, kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa. Haikuchukua sauti ya kigeni. Ilichukua sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humwimbia mtoto ili alale. Kila inapopandishwa bendera, kila rais anapoapishwa na kila mkimbiaji wetu anapopewa medali ng'ambo, watu husimama wima kwa heshima ya sauti iliyozaliwa kandoni mwa Tana. Twauliza: je, ni wangapi miongoni mwa wasimamao wanaojua kwamba huyo mama, akisha kumlaza mwanawe, hulala macho wazi kusikiliza kama maji yamefika mlangoni?

MAJI YALIYOFUNGWA

Hatusemi kwamba mabwawa yasingejengwa. Twayaandika haya kwa taa ya stima, na ingekuwa ni unafiki kuyalaani. Lakini haki ni kusema yote. Bwawa hufanya mambo mawili. La kwanza, huzuia yale mafuriko ya kadiri ambayo yalikuwa rehema: yaliyonyesha mpunga, yaliyojaza Bilisa na Shakababo, yaliyoinywesha misitu ya ukingoni. La pili, hulizuia tope, ambalo kwa mhandisi ni uchafu wenye kujaza bwawa lake, na kwa mkulima wa chini ni samadi.

Ila mafuriko makubwa bwawa haliyazuii. Likijaa, lililozidi hushuka lote pamoja. Ndiyo maana watu wa chini husema kwamba siku hizi wana mambo mawili tu: ama kiu, ama gharika. Mafuriko ya mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 hayajasahaulika. Novemba 2023 yalikuja tena, na Aprili na Mei 2024 yakazidi. Maelfu ya watu wakakaa mahemani, barabara ya kwenda Lamu ikakatika hapo Gamba, na karibu na Garissa mashua iliyobeba abiria ikazama na roho za watu zikapotea. Na wengi waliopatwa walikuwa wamejenga mahali ambapo wazee wao hawangejenga. Miaka mingi bila ya maji iliwadanganya kwamba mto umesahau njia yake. Mto hausahau.

Huku mdomoni nako kuna msiba mwingine usio na kelele. Maji matamu yanapopungua nguvu, bahari hupanda. Wakulima wa sehemu za Ozi na Kipini wameona maji ya chumvi yakiingia mashambani na kuua mpunga na miti ya matunda. Mikoko, nyasi na maji yaliyochanganyika, tamu na chumvi, ndiyo malezi ya kamba na samaki wa Ghuba ya Ungwana. Delta ikiugua, mvuvi ataona katika nyavu zake, na muuza samaki sokoni Malindi ataona katika bei.

Hata viumbe wasio na ulimi wana dai lao. Katika misitu ya ukingo wa mto huu wako mbega mwekundu wa Tana na ngolaga wa Tana, nyani wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976. Misitu hiyo haiishi kwa mvua. Huishi kwa maji yapenyayo ardhini kutoka mtoni. Na mwaka 2012 delta nzima, yapata hekta 163,600, iliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu chini ya mkataba wa Ramsar. Heshima hiyo ni nzuri, lakini karatasi haizuii chumvi.

TUONAVYO SISI

Dini yetu imetufundisha kwamba maji na malisho ni vitu vya kushirikiana, na kwamba mtu asifanye israfu ya maji hata kama yuatawadha kando ya mto upitao. Mafundisho hayo hayakuishia kwenye birika ya udhu. Yamhusu pia mwenye bwawa, mwenye shamba la maelfu ya ekari, na mwenye kalamu ya kupima mipaka.

Kwa hivyo twasema haya. Kwanza, wenye kuyashika mabwawa ya juu wayaachilie maji kwa mpango, masika na vuli, kiasi cha kufanana na yale mafuriko ya kadiri ya zamani, ili bonde lipate maji na tope ya haki yake. Si maji ya kumwagwa ovyo, ni deni. Na mabwawa yanapokaribia kujaa, habari ifike Hola, Garsen na Kipini siku kadha kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, misikitini, makanisani na redioni, isiwe habari ya kusomwa na wakubwa peke yao.

Pili, kabla ya kujengwa bwawa jingine kubwa katika mto huu, kama lile la High Grand Falls ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi, waulizwe kwanza watu walioko mwisho wa mto. Desturi imekuwa ni kuhesabu faida za juu na kuyaacha madhara ya chini yajihesabu yenyewe.

Tatu, malka zitambuliwe kwa sheria na ziachwe wazi, na ugawaji wa ardhi ukingoni usifanywe kana kwamba mto ni ukuta wa mawe. Ardhi ambayo mto huila na kuitapika haifai kuwa na hati ya mtu mmoja ilhali jirani yake hana pa kunywesha. Wazee wa pande zote mbili walikuwa na njia za kuliamua jambo hili. Zitafutwe, ziandikwe, zitumike.

Nne, na hili ni letu sisi wenye ukurasa huu na wenye kuusoma. Kila kizingo cha Tana kina jina. Kila ziwa, kila kivuko, kila msitu una jina na sababu ya jina hilo: hapa palizama mtumbwi wa fulani, hapa mto ulipita zama za mzee fulani, hapa hapajengwi. Majina hayo ni ramani, tena ramani bora kuliko ya ofisini, kwa sababu yakumbuka mto ulikuwa wapi na kwa hivyo yajua waweza kurudi wapi. Wenye kuyajua ni wazee, na wazee hawangoji. Walimu wa shule za Garsen, Ngao, Witu na Kipini wawatume wanafunzi wao wakaketi na babu na bibi zao, wayaandike. Kazi hiyo haitaki fedha za wafadhili. Yataka daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza.

Na sisi tulio mbali, tukipita daraja la Garsen kwenda Lamu, tusiuangalie mto kwa dirisha la basi kama maji ya rangi ya chai yasiyo na haraka. Mwendo wake ni wa polepole, lakini kazi yake haikomi usiku wala mchana: wala huku, wajenga kule, wachagua njia yake ya kesho. Waliochimba Belezoni hawakujua hayo, na waliotia mashine Hola hawakujua. Sisi tumekwisha kuelezwa, na hatutakuwa na udhuru.